Baccarat Rouge 540: Namna ya Kupima Kama Manukato Ghali Yanastahili Bei Yake

Baccarat Rouge 540 yalitungwa na Mfaransa Francis Kurkdjian mwaka 2014, wakati kiwanda cha vyombo vya fuwele cha Baccarat, kilichoanzishwa mwaka 1764, kilipoadhimisha miaka 250. Toleo la kwanza lilikuwa la chupa 250 tu za fuwele zilizopigwa namba. Tarakimu 540 ni nyuzi za Selsiasi zinazohusishwa na ufundi wa kiwanda hicho wa kuchanganya fuwele na unga wa dhahabu hadi ipate rangi nyekundu. Mwaka 2015 manukato hayo yaliingia kwenye orodha ya kudumu ya Maison Francis Kurkdjian, nyumba ya manukato iliyoanzishwa mwaka 2009 na Kurkdjian pamoja na Marc Chaya. Yanauzwa kwa wake kwa waume bila kubagua, na chupa ya mililita 70 ya mkolezo uitwao eau de parfum hugharimu zaidi ya dola 300 za Marekani. Kuyapima kwa haki kunahitaji kuangalia mambo manne: muundo wake, mwenendo wake mwilini, hesabu ya matumizi, na manukato mengine yanayoyaiga.

Muundo wake hauna msongamano. Nyumba yenyewe hutaja zafarani, asumini, ambari, mbao za mwerezi na utomvu wa mti wa jamii ya msonobari. Hata hivyo, uti wa mgongo wake ni viambato vya maabara. Cha kwanza ni ethili maltoli, chenye harufu ya sukari iliyoanza kuungua sufuriani. Ndicho kilichoyapa umaarufu manukato ya Angel ya Thierry Mugler mwaka 1992. Cha pili ni ambroksani, kinachobeba harufu ya ambari. Ambari ya asili hutoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukweni. Msafiri al-Masudi aliitaja miongoni mwa mali za pwani ya Zanji, yaani Afrika Mashariki, katika karne ya 10. Ambroksani ya leo mara nyingi hutengenezwa kwa kemikali inayopatikana katika mmea wa jamii ya mnanaa. Kati ya viwili hivi kimewekwa hedioni, kiambato chenye harufu nyepesi ya asumini ambacho umaarufu wake ulianza na Eau Sauvage ya Christian Dior mwaka 1966.

Ufundi wa Kurkdjian umo katika mizani ya viambato hivyo. Kwa kawaida utamu wa sukari huandamana na vanila, na manukato huwa mazito, yanayokinaisha kwenye joto. Hapa utamu umekalishwa juu ya mbao kavu na ambari yenye harufu ya chumvichumvi, huku hedioni ikipenyeza hewa katikati. Matokeo yake ni harufu tamu lakini nyepesi, inayosafiri mbali na mvaaji. Wazo hilo lilikuwa jipya, na manukato mengi yaliyofuata yamelifuata. Kwa kipimo cha usanii, kazi hii inastahili heshima kamili.

Muundo huohuo unafichua jambo jingine. Viambato vyake vikuu vinazalishwa viwandani kwa wingi, na ethili maltoli si bidhaa ya bei kubwa. Kwa hiyo anayedhani dola 300 ni gharama ya zafarani na ambari adimu anakosea. Sehemu kubwa ya bei ni wazo la mtunzi, jina la nyumba, chupa, maduka na matangazo. Malipo hayo si dhuluma, mradi mnunuzi anajua analipia nini.

Sifa ya kuvaliwa na jinsia zote nayo inahitaji kupimwa. Katika karne ya 20 biashara ya Ulaya na Marekani iliwagawia wanawake maua na utamu, ikawagawia wanaume mbao na malimau, hadi CK One ya mwaka 1994 ilipofanikiwa sana sokoni kwa kuvuka mpaka huo. Katika pwani ya Afrika Mashariki udi na miski havikuwahi kuwekewa ukuta wa namna hiyo. Nguo za wake na waume hufukizwa udi uleule. Katika Baccarat Rouge 540 utamu na mbao vimelingana kiasi kwamba hakuna upande unaotawala. Hata hivyo, maandishi ya chupani hayamwambii mtu jinsi harufu itakavyokaa kwenye ngozi yake mwenyewe. Hilo hujulikana kwa jaribio tu.

Jaribio la maana huchukua siku nzima. Mnunuzi huenda dukani akiwa hajajitia harufu nyingine yoyote, hujipulizia mara moja kwenye kifundo cha mkono bila kusugua, kisha huondoka. Dakika za mwanzo hutawaliwa na zafarani kavu yenye ukakasi. Baada ya saa moja hivi utamu na mwerezi hushika nafasi, na mwishoni hubaki ambroksani, ambayo kwenye nguo huweza kunukia hadi kesho yake. Kikaratasi cha kunusia hakitoshi, kwa sababu hakina joto wala mafuta ya ngozi.

Pua pia zina tofauti zake. Wapo wasioinusa ambroksani vizuri, na wapo wanaoizoea upesi wakadhani manukato yameisha ilhali chumba kizima bado kinanukia. Ndiyo maana maoni ya mtu wa pili ni sehemu ya kipimo. Bila hayo mvaaji huongeza mipulizo na kuwakera wenzake. Baadhi ya watu hunusa ndani yake dawa ya hospitali. Anayesikia harufu hiyo katika jaribio la kwanza na la pili asitarajie kwamba itaondoka akishanunua.

Upo pia mkolezo mzito zaidi, extrait de parfum, uliotoka mwaka 2017 ukiwa na lozi chungu. Ni mnene na wenye joto zaidi, na bei yake iko juu. Aliyependa wepesi wa eau de parfum hana sababu ya kudhani kwamba mkolezo mkubwa ni ubora mkubwa. Hizi ni harufu mbili zenye tabia tofauti.

Hesabu ya matumizi huipa bei sura nyingine. Mpulizo mmoja hutoa takriban mililita 0.1, hivyo chupa ya mililita 70 ina mipulizo kama 700. Kwa kuwa harufu hii ina nguvu, miwili kwa siku inatosha, na chupa hukaa siku 350. Kwa bei ya dola 300, kila siku inagharimu takriban senti 86. Mtu anayejipulizia mara sita humaliza chupa kwa siku zisizozidi 117, na gharama hupanda hadi zaidi ya dola 2.50 kwa siku. Hesabu hii husimama tu iwapo chupa itawekwa kabatini, mbali na jua na joto, maana vyote viwili huharibu manukato.

Manukato ya kuiga ni mengi na ya bei nafuu, hasa kutoka Dubai. Mashine za maabara huweza kutenganisha viambato vya manukato yoyote, na mwaka 2006 mahakama ya juu ya Ufaransa iliamua kwamba harufu hailindwi na hakimiliki. Kuiga harufu kwa jina lingine ni tofauti na kughushi chupa na nembo, ambako ni kosa na humwacha mnunuzi bila kujua anachojipaka. Manukato mengi ya kuiga hufanikiwa kwenye utamu, kisha hupungukiwa kwenye wepesi na katika saa za mwisho. Kipimo kizuri ni kuvaa ya asili mkono mmoja na ya kuiga mkono wa pili, kisha kuyanusa yote baada ya saa nne.

Baccarat Rouge 540 yanastahili kununuliwa na mtu anayeyanusa vizuri, aliyeyavaa siku nzima bila kuyachoka, anayeona tofauti kati yake na yanayoyaiga, na ambaye bei yake haimvurugii bajeti. Chupa ya mililita 35 inamfaa anayevaa manukato kwa nadra. Asiyeona tofauti baada ya saa nne anunue ya bei nafuu kwa moyo mweupe. Anayevutwa na sifa za watu tu hana haja ya kununua chochote kabla ya jaribio.