Hita ya Igowole huharibikia Dar es Salaam

Gari likiupanda Mlima Kitonga na mshale wa joto ukaanza kuisogelea alama nyekundu, hukumu huwa moja tu: themostati inabana maji. Dereva akifika mjini anamwambia fundi aitoe. Fundi anaitoa, anarudisha mfuniko wake na kupaka silikoni. Safari inayofuata mshale unatulia chini na kila mtu anafurahi. Dar es Salaam hakuna atakayegundua kasoro, maana nani anawasha hita Kariakoo? Kasoro hujitokeza gari likishauzwa na kupelekwa Igowole, kwenye nyanda za chai za Mufindi, mwezi wa Juni, wakati ukungu wa asubuhi haumwachi dereva aone hata trekta lililo mbele yake na mabondeni sakitu imelala juu ya majani.

Ninalolichambua hapa ni gari la namna hiyo: Toyota Corolla ya mwaka 1998, injini ya 5A, mali ya mwalimu aliyeinunua Dar ikiwa imeshapita mikono kadhaa. Hita yake ilitoa hewa ya vuguvugu gari likiwa limesimama, lakini likishika njia ya kwenda Nyololo hewa inakuwa baridi tupu. Tena mshale wa joto haukuwahi kukaribia katikati ya geji. Fundi wa kwanza kuliona alikuwa na jibu mkononi: "Mwalimu, redieta ya ndani imeziba, tushushe dashibodi."

Dashibodi ni kitu cha mwisho kushushwa. Vibanio vya plastiki vya gari la umri huo hukatika vikiguswa, na ukishairudisha itakupigia kelele kila shimo hadi uliuze. Isitoshe, maelezo ya mwalimu yalishajibu swali kabla ya spana kutoka kwenye boksi.

Hita haina moto wake yenyewe. Sehemu ya maji yanayotoka kwenye injini hupitia mipira miwili hadi kwenye redieta ndogo nyuma ya dashibodi, feni ikapuliza hewa juu yake. Basi hita haiwezi kuwa na joto zaidi kuliko maji ya injini. Gari likisimama, redieta kubwa haipati upepo, kwa hiyo maji yanapanda joto taratibu. Likitembea, hewa ya Mufindi inapita kwenye redieta na kuyapoza haraka kuliko injini inavyoyapasha. Kama redieta ya ndani ndiyo pekee iliyokuwa na tatizo, mshale ungefika mahali pake pa kawaida na kukaa hapo. Huu haukufika. Injini yenyewe ilikuwa ya baridi.

Kuna jaribio lisilo na gharama la kuthibitisha hilo. Injini ikiwa imelala usiku kucha, iwashe, kisha shika mpira wa chini wa redieta. Kwenye 5A themostati hukaa upande wa chini, maji yanakorudi kwenye injini, kwa hiyo ikiwapo na ikiwa nzima, mpira huo hubaki baridi kwa muda mrefu, kisha hupata joto baada ya injini kuiva. Wa gari hili ulianza kupata uvuguvugu mapema, sambamba na ule wa juu. Maji yalikuwa yanazunguka kote tangu sekunde ya kwanza. (Mkono ni kipimo kizuri, ila uwe mbali na feni. Ya Corolla ni ya umeme na huwaka bila kukuaga.)

Maji yalipomwagwa na mfuniko wa themostati kufunguliwa, ndani palikuwa patupu. Hata ule mpira wa kuzungushia ukingo haukuwapo, silikoni tu iliyokauka.

Themostati ni bawabu wa maji. Ndani yake kuna nta inayovimba ikipata joto na kusukuma vali. Ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kitabu cha Toyota kinataka vali iwe imeinuka milimita 8 au zaidi ikifika nyuzi 95. Kabla haijaanza kufunguka maji hubaki yakizunguka ndani ya injini na hita. Ukiitoa, hupotezi hita peke yake. Kompyuta ya gari husoma joto la maji, na ikiona injini bado ya baridi huendelea kuilisha petroli nyingi kama ya asubuhi. Mwalimu alikuwa ameshazoea kusema gari lake linakunywa.

Mafundi wenye busara huipima themostati mpya kabla ya kuifunga, kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni. Hapa Igowole inamtega asiyejua. Nyanda hizi ziko juu, mita 1,700 hadi 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Nyuzi 95 za kitabu hazipatikani jikoni kwako hata ukiongeza kuni. Kwa hiyo usiitupe themostati kwa sababu haikufunguka hadi mwisho. Angalia inapoanza kufunguka na kama inajifunga vizuri ikipoa.

Ilipofungwa, kile kivali kidogo kinachochezacheza pembeni yake kiliwekwa juu, maana ndipo hewa inapotokea. Ukikiweka chini, hewa inaweza kunasa, na gari likachemka siku hiyohiyo. Hapo ndipo utasikia tena kwamba themostati ni mbaya.

Injini ilifika joto lake. Mshale ulipanda hadi chini kidogo ya katikati na kutulia. Hita ikawa nzuri zaidi, lakini bado haikutosha, na hapo fundi wa kwanza alistahili nusu ya haki yake. Mipira miwili ya hita ilishikwa pale inapoingia kwenye bati linalotenganisha injini na wanakokaa abiria. Mmoja ulikuwa wa moto wa kutoshikika, mwingine vuguvugu. Yote miwili ikiwa ya moto, tafuta tatizo ndani: mlango wa hewa au waya wake. Yote ikiwa baridi, rudi kwenye kiwango cha maji, themostati na wota pampu. Mmoja moto na mwingine baridi, maji hayapiti: koki ya hita haifunguki, hewa imenasa, au redieta ndogo ina uchafu.

Ulikuwa uchafu. Mipira ilichomolewa, na bomba la kawaida la bustani likaunganishwa upande wa kutokea, ili maji yasukume tope kurudi lilikoingilia. Yalitoka maji ya rangi ya matofali yenye vipande vya kutu. Presha iwe ndogo. Nimeona watu wakitumia kompresa ya kujazia matairi, na redieta ya alumini iliyozeeka ikapasuka mshono. Hapo sasa dashibodi itashuka kweli.

Kutu hiyo ilitoka kwenye injini, ambayo bloku yake ni ya chuma, kwa kuwa miaka yote gari lilijazwa maji matupu. Wengi wetu tunadhani kulanti ni ya nchi za theluji. Kwetu kazi yake kubwa ni kuzuia kutu, na kuna faida nyingine isiyotajwa: ina rangi na harufu tamu. Redieta ya ndani ikianza kuvuja, kulanti itanukia garini na kuacha utando wa mafuta kwenye kioo. Maji matupu yakivuja utaona kioo kina ukungu, ulaumu hali ya hewa ya Mufindi, mpaka siku kapeti ya abiria wa mbele itakapolowa. Nusu kulanti na nusu maji yasiyo na chumvi inatosha. Hata maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi yanafaa, na mvua hatuna uhaba nayo. Kulanti ya zamani usiimwage uani. Utamu wake huwavutia mbwa, na ni sumu.

Kutoa hewa kulifanyika kwa kulipaki gari likitazama mlimani, kitasa cha hita kikiwa kwenye joto la mwisho, kifuniko cha redieta kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, na kulanti ikiongezwa hadi mapovu yakaisha. Mapovu yasipoisha kabisa, shuku gasketi ya silinda hedi, na habari inakuwa nyingine. Gari la mwalimu halikuwa na hilo.

Feni ya ndani, ile inayopuliza hewa ya hita, ikifanya kazi kwenye spidi ya juu tu, huo si ugonjwa wa hita. Ni rezista iliyoungua, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Na redieta ya ndani ikivuja ukiwa njiani, unganisha mipira miwili yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba. Usiizibe, maana injini nyingine hutegemea mzunguko huo.

Sasa turudi kwa aliyetoa themostati, kwa sababu gari lake kweli lilichemka. Kati ya joto la Ruaha Mbuyuni na mwinuko wa Kitonga, mfumo wowote wenye udhaifu utajisema. Kwenye Corolla hii udhaifu ulikuwa kifuniko cha redieta: spring imelegea, raba imekatika. Kifuniko kizima hushikilia presha na kuyafanya maji yachemke zaidi ya nyuzi 110. Kikifa, kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema, yanamwagika nje, kiwango kinashuka. Kifuniko hufunguliwa kwa mkono injini ikiwa baridi na huuzwa katika duka lolote la spea, bei yake haifiki hata robo ya gharama ya kushusha dashibodi. Lakini aliyeadhibiwa akawa themostati.

Ukienda kununua gari Dar kwa ajili ya Mafinga, Njombe au Makete, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Liwashe mwenyewe likiwa baridi na ushike mpira wa chini. Ukipata joto mapema, kata kwenye bei gharama ya themostati, kifuniko na kulanti, na uvifunge kabla hujaondoka.