Vitabu vya mitidawa vinatuonyesha pa kuchimba. Je, kupanda?

Fungua kitabu cha J. O. Kokwaro, Medicinal Plants of East Africa, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1976 na kufika toleo la tatu 2009. Kila mmea una familia yake, majina ya kienyeji, sehemu inayotumika na ugonjwa unaotibiwa. Ni hazina kweli. Bila kazi kama hiyo, maarifa mengi yangezikwa na wazee wetu. Lakini hebu fuatilia neno "mizizi" humo ndani. Mizizi huchemshwa, mizizi hutwangwa, basi. Mmea wenyewe ulibaki hai? Kimya.

Tuchukue mjafari, Zanthoxylum chalybeum kwa jina la kisayansi, ule wenye vinundu vya miiba kwenye shina, unaotumika kwa homa. Mwaka 1994 jarida la Acta Tropica lilichapisha utafiti wa mimea 43 ya Tanzania iliyojaribiwa dhidi ya vimelea vya malaria, na mjafari ulikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri. (Hiyo ni maabara, si mgonjwa. Homa ikikushika, nenda kapime kwanza.)

Sasa, kwa nini mzizi? Mjafari hupukutisha majani kiangazi, ila mzizi upo mwaka mzima. Tatizo ni kwamba jani likichumwa huchipua jingine, lakini ganda la mzizi ndimo inamopita sukari inayotoka majanini. Limenye kuzunguka, na kipande cha mzizi kilicho mbele ya kidonda kitakufa njaa. Fanya hivyo kwa mizizi mikubwa yote, mti utakauka wima.

Useful Trees and Shrubs for Tanzania, cha Mbuya, Msanga, Ruffo na wenzao (1994), kinajaribu kuziba pengo hilo: kila mti una maelezo ya kuotesha na kutunza. Safi sana. Ila humo dawa ni neno moja tu kwenye orodha ya matumizi, kati ya kuni na mbao. Kitabu kimoja kina dawa bila kitalu, kingine kina kitalu bila kipimo cha kuvuna. Uchimbe mizizi mingapi, upande upi, urudi baada ya miaka mingapi? Hupati jibu kote kuwili.

Na si kwamba haiwezekani. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili. Mpingo huko huhesabiwa kwanza, shoka baadaye. Hesabu hiyohiyo inaweza kufanywa kwa mjafari, mganga wa kijiji akiwa mmoja wa wahesabuji.

Wewe unayeandika tasnifu ya mitishamba mwaka huu, jedwali lako lina jina, sehemu, ugonjwa. Ongeza safu ya nne: baada ya kuchimbwa, mmea uliishi? Kisha rudi porini mwaka unaofuata ukaijaze.