Fitina Ipi? Maneno Ndugu katika Tarjama za Kurani

Tumezoea kusikia kwamba kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili ni kazi nyepesi, maana lugha yetu imekwisha kuchota maneno mengi ya Kiarabu. Katika makala haya nakusudia kulipinga dai hilo. Kwa maoni yangu, neno lililokopwa ndilo linalomponza mfasiri: linaonekana liko tayari, kumbe maana yake ilihama zamani.

Tuanze na neno fitina. Kwetu Kyela, kama kwingineko, fitina ni maneno ya kuchonganisha watu. Fitna ya Kurani ni pana kuliko hapo. Katika sura ya 8, aya ya 28, mali na watoto vinaitwa fitna; hapo hakuna uchonganishi, ni mtihani. Katika sura ya 2, aya ya 191, fitna inahesabiwa kuwa nzito kuliko kuua, na wanaozungumziwa ni waumini waliofukuzwa makwao. Wafasiri wa Kiarabu wameieleza hapo kuwa ni shirki, au ni kumtesa mtu ili aiache dini yake. Hata hivyo, Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, katika tarjama yake ya mwaka 1995, ameliacha neno fitina palepale.

Je, hasara iko wapi? Huko ufukweni nimewahi kumsikia kijana akidai hesabu za michango. Hakuonyeshwa daftari. Aliambiwa anyamaze, eti Kitabu kimeiweka fitina juu ya uuaji. Jamani! Aya inayomtetea aliyeonewa ikageuka rungu la kumpigia mwenye kuuliza.

Mfano wa pili ni mila. Kwa Kiarabu, milla ya Ibrahimu ni dini yake. Waajemi walilichukua neno hilohilo, na kwao leo mellat ni taifa. Sisi tukalifanya mila na desturi: mahari, ngoma, matanga. Sasa Al-Barwani anapoandika mila ya Ibrahimu, msikilizaji wa Ipinda au Matema anaelewa nini? Dini, au taratibu za ukoo wa mzee huyo?

Haki lazima itendeke: Al-Barwani anaujua mtego huu. Katika sura ya 49, aya ya 9, Kiarabu kina neno taifa kwa maana ya kundi. Yeye hakuandika mataifa mawili ya waumini, aliandika makundi. Basi kama taifa aliliweka kando kwa kuwa limehama, mbona fitina na mila amezibakiza?

Wapo watakaosema kwamba neno la Kiarabu lina heshima yake, na kwamba masheikh watalifafanua. Hoja hii ina uzito Unguja au Lamu, penye vyuo na walimu wa miaka mingi. Kwetu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Waislamu ni wachache, na Kiswahili chenyewe kwa wengi ni lugha ya pili baada ya Kinyakyusa. Mwenye tarjama mkononi mara nyingi hana mwingine wa kumuuliza.

Linganisha na neno Kyala. Wamisionari Wajerumani waliofika Unyakyusa mwaka 1891 walilikuta likiwa jina lenye matambiko yake. Upande wa Matema mpaka leo kuna mahali paitwapo Pali Kyala. Wakalichukua kumtaja Mungu wa Biblia. Unaweza kuwalaumu, lakini angalau kila mtu aliona kwamba neno limetolewa nyumba moja na kupelekwa nyingine, kwa hiyo lilihitaji kuelezwa. Fitina haiombi maelezo. Inaingia kama mwenyeji.

Tangu Godfrey Dale mwaka 1923, kupitia Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy mwaka 1969, tarjama zetu zimepimwa zaidi kwa itikadi ya mtarjumi. Sisi wa fasihi tuongeze kipimo kingine: neno hili, kwa msikilizaji huyu, linasema nini? Kwa kipimo hicho ningeandika mateso katika 2:191, mtihani katika 8:28, na dini ya Ibrahimu. Ni maneno ya kawaida kabisa, na mawili kati yake yametoka Kiarabu vilevile. Tofauti ni kwamba hayo hayawezi kutumiwa kumnyamazisha anayedai daftari lifunguliwe.