Maji ya Ndizi Yasiyotiwa Maji

Mzee alifukua kona moja ya shimo, akatoa ndizi, akaimenya. Akakata kipande kisichozidi kidole gumba, akakizungushia nyasi chache na kuanza kukisugua baina ya viganja vyake. Alisugua kwa muda, kisha akafungua mkono: uji mweupe unaonata, hakuna tone. Akarudishia udongo mahali pake.

"Bado," akaniambia. "Rudi kesho kutwa, mwanangu."

Nilikuwa nimekwenda Kyarumba kwa ajili ya kahawa. Ndivyo wageni wengi wanavyofika huko: unatoka Kasese, unaifuata barabara ya Bwera na mpaka wa Mpondwe, kisha unaiacha na kupanda milima hadi kwenye mji mdogo ulio kando ya mto Nyamugasani, ule unaoteremka kutoka Rwenzori kwenda kumwaga maji yake Ziwa Edward. Hapo ndipo yalipo makao ya Bukonzo Joint, ushirika wa wakulima wa kahawa ambao wanachama wake wengi ni wanawake. Kahawa ya milima hii imeandikwa sana na kupigwa picha sana. Lakini hukua kwenye kivuli cha migomba, na mgomba hakuna anayeupiga picha. Mzee yule aliniongezea siku mbili kwa neno moja, nami nikazitumia kuutazama mgomba.

Si kila ndizi hutoa maji. Zipo za kupika, zinazolisha nyumba nzima zikiwa mbichi. Zipo zile ndogo tamu za kula mbivu. Na zipo za kukamua, ambazo Waganda huziita mbidde. Hizi za mwisho ukizila, hata zikiwa mbivu, ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Ni ukakasi mtupu. Mtoto asiyezijua huuma mara moja tu na kutupa.

Basi ukakasi huohuo ndio siri ya kinywaji chote. Wataalamu wa chakula wa Makerere na wa Dar es Salaam wamelichunguza jambo hili maabara. Kile kinachoukausha ulimi, yaani tanini, hushikamana na protini za tunda na kubaki nazo kwenye machicha, na maji yakapata kujitenga yakiwa maangavu. Ndizi tamu haina ukakasi wa kutosha. Ikande utakavyo, itabaki rojo. Mimi hulistaajabia hili kila nikilikumbuka, kwa sababu aliyeligundua kwanza hakuwa na maabara. Alichukua tunda ambalo kinywa kimelikataa, akaendelea kulikanda pale ambapo mtu mwingine angekuwa ameshachoka na kwenda kunawa mikono.

Kesho kutwa nilifika kabla umande haujakauka. Ndizi zilikuwa zimevundikwa siku tano. Shimo lilikuwa limetandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa moto, mikungu ikapangwa ndani, ikafunikwa majani mabichi na kufukiwa udongo. Wapo wanaozivundika jikoni, juu ya moshi wa meko, na mzee hawalaumu. Yeye hupenda shimo kwa kuwa joto lake, anasema, halipendelei upande. Alirudia jaribio lake la nyasi na kipande cha ndizi. Safari hii tone lilichungulia penye ncha ya unyasi, likaning'inia, likadondoka. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu kwa mara ya kwanza.

Tulikaa wote kumenya: mzee, mkwe wake, wajukuu wanne na mimi. Mazungumzo ya nyumbani yalikuwa ya Kikonzo. Kwangu walinigeuzia Kiswahili, Kiswahili cha soko la Mpondwe, ambako ukivuka mto Lhubiriha umeingia Kasindi, Kongo, kwa ndugu zao Wanande. Ganda la ndizi iliyovundikwa vizuri hutoka lenyewe kama shati. Nyama yake ikatupwa ndani ya mtumbwi wa mbao, na juu yake zikaja nyasi ndefu zenye makali, zile ziitwazo lusenke kwa Kiganda, ambazo watu huezekea nyumba.

Dakika za mwanzo zinakatisha tamaa. Mikono inazama kwenye gundi, nyasi zinajikunja, na kila unachokiinua kinarudi chini kikiwa donge lilelile. Mzee hakuongeza nguvu. Alikuwa akivuta donge kuelekea kifuani, akilisukuma mbele kwa kisigino cha kiganja, akiligeuza, akilivuta tena, kwa mwendo usiobadilika. Nilidhani kazi imekwama. Kumbe sauti ndiyo hutangulia kubadilika. Kile kishindo kizito cha udongo wa mfinyanzi kikaanza kulainika, kikawa mchwapo, kama miguu inayokanyaga tope lenye maji. Kisha likaja povu la kijivu. Kisha, kwenye kona ya mtumbwi, pakaonekana kidimbwi kidogo.

Mzee alikiona kabla yangu na papo hapo akabadili mikono. Hakukanda tena, alianza kubana, polepole, akikusanya nyasi na machicha kama mtu anayekamua nguo ya hariri. Nyasi zilikuwa zimeshayashika machicha kwa makali yao, na maji yakawa yanapita katikati yake. Akauinamisha mtumbwi. Yakateremka hadi kwenye kibuyu kilichokatwa kitako na kuzibwa nyasi safi mdomoni, na chini yake yakatoka matone, halafu uzi, halafu mkondo mwembamba wa rangi ya asali changa. Nilishika bilauri yangu juani na kukiona kidole changu upande wa pili.

Maji ya mtoni hayakuguswa hata kikombe kimoja. Ukiyatia mapema, mzee alinieleza, utapata kinywaji kingi kisicho na jina. Maji hutiwa baadaye, kwenye machicha, kwa kamuo la pili, nalo huenda kwenye pombe. Kamuo la kwanza ni la watoto na mgeni. Nilikunywa. Utamu ulikuwa mzito, na nyuma yake harufu ya moshi wa lile shimo. Ukakasi ulikuwa umebaki kidogo tu, ukingoni mwa ulimi. Sukari haikuongezwa hata kijiko.

Nimewahi kuitia ndizi ya aina hii kwenye brenda, nikapata uji. Kisu kinasaga kila kitu kwa pamoja mpaka hakibaki cha kutengana na mwenzake. Watafiti waliofanikiwa kukamua kwa mashine ilibidi waifanye ikande polepole, kama mikono.

Huku nyuma mkwe wa mzee alikuwa na kazi yake, na ningekosa adabu kama nisingeitaja. Alichukua zile ndizi ndogo tamu, zisizotoa maji, akaziponda, akazichanganya na unga wa muhogo hadi donge likaacha kushika vidole. Akalisukuma juu ya ubao, akakata viduara kwa mdomo wa kikombe, akavikaanga kwenye mafuta. Hizo ni kabalagala, na zina nafasi yake katika kila kituo cha basi cha Uganda. Hapa rojo ndiyo inayotakiwa. Ndugu wawili wa mgomba, na kila mmoja anataka mkono unaomjua tabia.

Kamuo la pili liliungwa na mtama uliokaangwa na kusagwa, likafunikwa majani ya mgomba, likaachwa hadi kesho yake liwe tonto. Ng'ambo ya mpaka, Kongo, huitwa kasiksi. Wahaya wa Kagera wana rubisi yao, inayokamuliwa kwa nyasi vilevile. Wachaga hufika kwenye mbege kwa njia nyingine, kwa kuzichemsha ndizi muda mrefu. Ipo pia waragi, ambayo sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilikataza kuipika bila leseni, na bado inapikwa. Waragi siipi heshima ninayoyapa maji ya ndizi. Moto wa mtungi husitiri kosa la mkamuaji: ndizi iliyooza, kamuo chafu, vyote hupanda kama mvuke na kushuka vikiwa kinywaji kikali. Katika bilauri ya maji ya ndizi hakuna pa kuficha kitu.

Kinachotishia kazi hii ni mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2001 huko Mukono na kuenea nchini. Ndizi ya kukamua iitwayo kayinja ndiyo iliyoumia zaidi, kwa kuwa wadudu hubeba ugonjwa kutoka ua dume hadi ua dume. Mzee alinipeleka kwenye shamba lake kunionyesha anavyojikinga. Hatumii panga, maana panga hubeba ugonjwa kutoka mgomba hadi mgomba. Ana mti mrefu wenye panda; aliukwamisha kwenye shina la ua, akasokota mara moja, ua likaanguka. Alizunguka shamba zima hivyo, akiinua uso kutazama kila mkungu, nami nikimfuata nyuma nikiwa na bilauri mkononi.

"Wasingya kutsibu," nilimwambia wakati wa kuagana, ahsante sana kwa Kikonzo, na mkwe wake akanifungia kabalagala kwenye jani.

Maji ya ndizi hayalali. Yakikamuliwa asubuhi, jioni yanaanza kutoa mapovu madogo, na kesho yake si yaleyale tena. Kwa hiyo hayasafiri, na sikuweza kumletea mtu yeyote nyumbani. Ukipita Kasese, panda Kyarumba asubuhi, uulize ni nyumba gani imefukua shimo leo. Wakikuambia bado, rudi kesho kutwa.