Mabano Madogo ya Kamusi

Chukua neno kuta. Mtoto wa darasa la tano amelisoma katika sentensi, "Kuta zimepakwa chokaa." Anafungua kamusi kwenye K, anateremsha kidole mpaka alipate, na hapo anakuta kitenzi: kumkuta mtu mahali. Anaifunga kamusi akiamini imemdanganya. Kumbe jibu lake liko mbali, kwenye U, katika ukuta.

Kosa si la mtoto. Maneno ya Kiswahili hubadilika mwanzoni, na kamusi hupangwa kwa herufi za mwanzo. Hapo ndipo kila mtunzi wa kamusi yetu hukwama kwanza. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka 1939, kazi iliyoongozwa na Frederick Johnson, ilifuata mizizi: nomino iliyozaliwa na kitenzi iliwekwa kwa mzazi wake, kwa hiyo mpishi anatafutwa kwenye pika. Ukoo wote wa neno unauona mahali pamoja, na hilo ni jambo zuri. Lakini lazima uwe umeshaijua sarufi kabla hujakifungua kitabu.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), iliyotoka mara ya kwanza 1981, ilimwonea huruma msomaji. Mpishi yumo kwenye M. Kitenzi kimevuliwa ku-, hivyo kusoma ni S. Nomino huingia kwa umoja. Kisha hufuata kitu ambacho kwangu ndicho ufundi mkubwa kuliko wote katika kamusi hiyo: kifupisho nm, yaani nomino, dalili ya wingi, halafu mabano yenye viambishi viwili. Kwa ukuta ni [u-/zi-]: ukuta umeanguka, kuta zimeanguka.

Watunzi wangeweza kuandika namba za ngeli, kama wanaisimu wanavyofanya. Namba hizo hukaririwa darasani na kusahaulika. Zi- haisahauliki, kwa sababu tayari imo mdomoni mwa msemaji. Uamuzi huo naustahi sana.

Nguvu ya mabano inaonekana vizuri kwenye paa. Yupo paa wa [a-/wa-], anayekimbia porini. Lipo la [li-/ya-], linalovuja masika. Kipo na kitenzi, chenye alama kt, cha ndege anayepanda angani. Tarakimu ndogo inayopachikwa begani mwa neno hutuambia tu kwamba sura moja ina maneno kadhaa. Haisemi lipi ni letu. Ukiwa na sentensi "Paa limeezuliwa," ile li- ya limeezuliwa inakupeleka moja kwa moja kwenye mabano yenye li-, hata kabla hujasoma maana.

Kinachoniuma ni kwamba orodha ya vifupisho, iliyo mwanzoni mwa kamusi, hurukwa kama vile ni karatasi ya kufungia kitabu. Ningeomba mwalimu aitengee kipindi kizima, kamusi zikiwa wazi mezani.

Maana yule mtoto alikuwa na kila alichohitaji. Zimepakwa ina zi-. Zi- ni wingi wa ama [i-/zi-] ama [u-/zi-]. Kwenye [i-/zi-] neno halibadiliki, nyumba hubaki nyumba, na kwenye K hakuiona nomino ya namna hiyo. Basi airudishe u- mbele ya kuta, afungue U.