Tommy na Tuppence Nje ya Zama Zao

Kosa lilifanyika kabla kamera haijawashwa. Edward Hall alipoiongoza Partners in Crime, tamthilia ya BBC ya mwaka 2015, miaka 125 tangu kuzaliwa kwa Agatha Christie, visa viwili vya wapelelezi Tommy na Tuppence Beresford vilikuwa vimekwisha kuhamishiwa 1952. Hapo ndipo kazi ilipoharibika, na sehemu zote sita hazikuweza kuitengeneza.

Waliosoma The Secret Adversary, riwaya ya 1922, wanajua fumbo lake linasimama juu ya nini. Tarehe 7 Mei 1915 nyambizi ya Kijerumani inaizamisha meli ya Lusitania, na karibu watu 1,200 wanakufa. Meli ikiwa inazama, mwanamume mwenye hati ya siri anamwendea msichana wa Kimarekani asiyemjua, Jane Finn, na kumkabidhi hati hiyo, kwa sababu wanawake na watoto ndio watakaotangulizwa kwenye mashua. Kanuni hiyo moja ya baharini inabeba kitabu kizima. Msichana hajulikani alipo, hati haijulikani ilipo, na vita vikiisha kila upande unamsaka. Kufikia 1952, Lusitania ina miaka 37 chini ya bahari. Kwa hiyo Jane Finn amegeuzwa abiria wa treni kutoka Paris, aliyekutana na Tommy na Tuppence kwa bahati tu. Anatoweka kama zamani, lakini ile sababu ya kuchaguliwa yeye, na si mtu mwingine, imekufa.

Umaskini nao umeondolewa. Tommy wa kitabuni ni askari aliyejeruhiwa, Tuppence ametoka kuhudumu katika hospitali ya maofisa, na amani imewaacha bila kazi wala senti. Umri wao ukijumlishwa haufiki miaka 45. Wanaingia kwenye hatari kwa sababu hawana pengine pa kuingia, na uchumba wao unakuja mwishoni kabisa. Wa 1952 wana ndoa, nyumba, mtoto aliye shule ya bweni, na mume mwenye ndoto ya biashara ya nyuki. Wanapofukuzwa na wauaji, mtazamaji hana jibu la kwa nini hawaachi.

Ni sawa na kuichukua riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla na kuisogeza hadi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, kisha kutaka kifo cha Bwana Ali, mwenye shamba, kiwe na uzito uleule.

Hasara kubwa zaidi imo katika kisa cha pili, N or M?. Christie aliitoa 1941, na kisa chake ni cha 1940, Waingereza wakingoja kuvamiwa wakati wowote. Tommy na Tuppence wamekuwa watu wa makamo, watoto wao Derek na Deborah wako vitani, nao wanaambiwa hawahitajiki tena. Uchungu huo ndio unaowapeleka kwenye nyumba ya wageni ya Sans Souci kuwasaka majasusi. Kwenye tamthilia ni wale wale wa kisa cha kwanza, hawajazeeka hata siku moja. Poirot na Miss Marple unaweza kuwasogeza mbele au nyuma, maana umri wao haukuhesabiwa kwa makini. Hawa wawili Christie aliwazeesha pamoja na karne, hadi Postern of Fate ya 1973, riwaya ya mwisho aliyoiandika.

Mavazi, magari na uigizaji wa Jessica Raine kama Tuppence havina dosari.

Ila David Walliams amemfanya Tommy mzubaifu, na matokeo yake Raine anafikiri kwa niaba ya wawili. James Warwick, aliyecheza nafasi hiyo pamoja na Francesca Annis mwaka 1983, alimwelewa mtu huyu: mzito wa kuwaza, mgumu kudanganywa. Tuppence hurukia dhana, Tommy huipima, na ukweli hupatikana katikati yao. Wao waliachiwa miaka ya 1920 yao, na ndiyo maana hadi leo hawajapata wa kuwazidi.

Wenzi hawa wamewahi kuonewa vibaya zaidi. Mwaka 2006 ITV ilimpachika Miss Marple ndani ya By the Pricking of My Thumbs, kitabu asichomo, na Tuppence akafanywa mlevi ili bibi huyo apate kazi. Safu hii haijasamehe. Lakini mwaka 2005 Pascal Thomas alikihamishia kitabu hicho hicho Ufaransa ya sasa na akafaulu, kwa kuwa kisa cha wenzi wenye umri mkubwa hakifungwi na vita wala meli. Zama huweza kuguswa na anayejua kwanza zimeshikilia nini.

BBC haikuagiza msimu wa pili, na kwa hilo haikukosea.