Mwavuli: wa jua au wa mvua?



Juzi hapa Muscat tulikuwa barazani tunakunywa kahawa, jamaa mmoja, tena msomi, akasema kwa yakini kabisa kwamba "mwavuli" limetokana na "mvua". Wengi wakaitikia. Mimi nikanyamaza kwa adabu, lakini nimelala nalo siku mbili, naona bora nilitoe.

Hoja hiyo haisimami. "Mvua" haina "li" pale mwisho. Mwenye "li" ni kivuli, na ndugu zake uvuli na mvuli. Wako wasemao "mwamvuli", na hapo "mvuli" inaonekana waziwazi. Basi mwavuli ni kitu cha kutia kivuli. Jua ndilo lililoupa jina, mvua imekuja kujibanza tu chini yake.

Sisi tulio Oman tunalisikia hili kila siku, maana Mwarabu husema shamsiya, kutokana na shams, jua. Mwingereza naye, na mvua zake zote zile, neno lake lina asili ya Kilatini umbra, yaani kivuli kilekile. Mfaransa ndiye aliyegawa: parasol ya jua, parapluie ya mvua.

Mtasema hili dogo. Si dogo, kwa sababu neno limetembea. Parachuti nayo tunaiita mwavuli, na wanaoruka nayo ni askari wa miavuli. Hilo silipingi, umbo ni lilelile ijapokuwa kazi si ile. Kinachonikera mimi ni "chini ya mwavuli wa". Vyama viko chini ya mwavuli, asasi ziko chini ya mwavuli. Mwaka 2015 Tanzania, vyama vinne vya upinzani vilipomuunga mkono mgombea mmoja wa urais, tulisoma "chini ya mwavuli wa UKAWA" mpaka tukachoka. Miaka mingi nikiwakatia wanafunzi wangu msemo huu kwa wino mwekundu, nikiwaambia: hiki Kiingereza kimevaa kanzu.

Leo nakiri kwamba nilikuwa na haraka. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimwona sultani akitembea kutoka msikitini, juu ya kichwa chake kumebebwa vifuniko vinne vya hariri ya rangi, na juu ya kila kimoja pana ndege wa dhahabu. Mwaka 1498 Wareno walimkuta mfalme wa Malindi amekaa chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu, na siwa za pembe zikipulizwa. Basi mwavuli kuwa alama ya utawala si jambo la kuletewa. Lilikuwepo pwani kwetu kabla ya gazeti lolote.

Lakini tazameni vizuri: nani alikuwa chini yake? Mfalme. Raia walikuwa juani. Na hapa ndipo msemo wa magazeti unapopotosha, maana unatwambia kwamba wote wameenea. Kwetu kivuli cha kuenea wote ni cha mti. Watu hukaa chini ya mwembe, kila mtu na mkeka wake, wala hakuna wa kuufunga mwembe akaondoka nao. Mwavuli una mshikaji, na mshikaji akihama, kivuli nacho kimehama. Waliokuwa pembeni ndio wa kwanza kulowa.

Kwa hiyo wino mwekundu nimeuweka chini, ila si wote. Vyama vikiungana, tuseme vimeungana. Mtu akigombea kwa tiketi ya chama, tuseme hivyohivyo. "Mwavuli" tuubakize pale penye mkubwa anayekinga wengine na anayeweza kuufunga atakapo. Hapo neno litasema kweli, pengine kuliko wanavyopenda wenyewe.

Na yule jamaa yangu wa barazani, nikimwona nitamwambia: ndugu yangu, toka nje saa saba za mchana hapa Muscat, utaijua asili ya neno.

Aliye na hoja nyingine anikosoe. Wassalaam.